Siku Nzima Jozani: Mwongozo wa Kuwaona Kima Punju na Mikoko ya Pete

Wageni wengi wa Jozani hukaa pale saa moja na nusu tu. Hushushwa na gari saa tano au saa sita, jua likiwa limeshakolea, wakawapiga picha kima watatu waliojinyoosha juu ya tawi, wakapitishwa mikokoni mbio mbio, kisha safari ikaendelea Paje au Kizimkazi. Wanaondoka wakidhani wameiona Jozani. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuipa siku nzima, na la kwanza nitakalomwambia ni kwamba siku hiyo haipangwi kwa kuangalia ratiba ya gari. Hupangwa kwa kuangalia maji ya bahari na tabia ya kima. Ukivipatanisha hivyo viwili, kilichobaki ni chepesi.

Tuelewane kwanza ni wapi tunakokwenda. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iko katikati ya Unguja, kilomita 35 hivi kusini mashariki ya Mjini, yaani mji wa Zanzibar. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50. Ndani yake mna msitu wa miti mikubwa, vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, na mikoko ya pande mbili, kaskazini kuelekea Chwaka na kusini kuelekea Pete. Mgeni wa siku moja huona msitu, eneo la kima karibu na barabara, na mikoko ya Pete. Hivyo vitatu vinatosha kabisa kuijaza siku.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo, hapa Unguja, maji kwa kawaida huwa yamekupwa karibu na saa nne asubuhi, na huwa yamejaa karibu na saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, tena kidogo tu, na saa kumi ndiyo yamekupwa.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu mikoko ni mahali pawili tofauti. Maji yakiwa yametoka unaona mizizi yote wazi, tope, kaa na samaki wanaorukaruka juu ya tope. Maji yakiwa ndani unaona miti imesimama baharini, na visamaki vidogo vinapita chini ya mbao unazozikanyaga. Ukienda siku ya maji mafu, sehemu za juu za mikoko huenda zisifikiwe na maji kabisa, na nusu ya mambo umeshayakosa.

Ushauri wangu, basi, ni kuchagua siku ya bamvua. Asubuhi mapema uwe na kima, saa nne uwe mikokoni maji yametoka, na ukiwa na subira urudi mikokoni saa tisa na nusu uyaone yakiingia. Ukilazimika kwenda siku ya maji mafu, kima wabaki asubuhi vilevile, lakini mikoko isogeze hadi saa nane au tisa, maji yatakapokuwa yanatoka. Majedwali ya maji yanapatikana katika simu, na mvuvi yeyote wa kijiji unachofikia atakwambia saa za kesho bila kutazama popote.

Majira nayo yana neno. Katika masika, Machi hadi Mei, maji ya ardhini hupanda na sehemu za msitu hufurika. Ni pazuri, ila njia nyingine hazipitiki na utalowa hadi magotini. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ninayoipenda zaidi: hewa ya ubaridi, ardhi kavu, na hata adhuhuri unaweza kutembea bila kuchoka. Kaskazi ya Januari na Februari pia ni kavu, lakini joto lake linataka uondoke nyumbani alfajiri.

Na kuna sharti moja la afya ambalo halina mjadala. Ukiwa na mafua, kikohozi au homa, ahirisha safari. Kima ni ndugu zetu wa karibu kimaumbile na wanaweza kuambukizwa maradhi yetu. Kima punju wa porini wote duniani wako hapa Unguja na visiwa vidogo vya karibu yake, ukiacha kikundi kidogo kilichopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Mgonjwa mmoja anayekohoa chini ya mti anaweza kuleta msiba usiorekebishika.

Kufika mapema

Geti hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kulenga. Kutoka Mjini, daladala za Makunduchi (310), Jambiani (309) na Bwejuu (324) zote hupita mbele ya geti. Stendi zimekuwa zikihamishwa, kwa hiyo jioni kabla ya safari muulize mwenyeji gari za Makunduchi zinapakia wapi, wala usingoje kuuliza alfajiri. Ukishapanda mwambie konda akushushe Jozani, getini, na umkumbushe mkishapita Tunguu. Safari huchukua saa moja na zaidi kidogo, kutegemea vituo. Anayetoka Paje, Bwejuu au Jambiani yuko karibu zaidi: gari zote zinazokwenda Mjini hupitia Kitogani kisha Jozani.

Ukija na gari yako au ya kukodi, punguza mwendo kabla hujaliona geti. Kima huvuka barabara ile kila siku, na wengi wamekufa chini ya magurudumu. Matuta yaliwekwa kwa ajili yao na yamepunguza vifo, lakini hayajavimaliza. Nimewahi kumwona mama, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni, wamesimama ukingoni mwa lami, wakingoja gari ipite, na mama akirudi nyuma hatua moja kila injini inaponguruma. Ukiona kima mmoja anavuka, simama. Wanaomfuata bado wapo vichakani.

Anayetoka Dar es Salaam asijaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Boti ya mwendo kasi inachukua karibu saa mbili, na ukifika bandarini kisha Jozani, asubuhi ya kima imeshakwisha. Lala Mjini au pwani ya mashariki usiku wa kabla.

Kuhusu mavazi na mizigo sina mengi. Vaa raba au viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu siafu wapo. Suruali ndefu au gauni refu, nguo ya mikono, rangi yoyote isiyong'aa. Utapita vijijini, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe. Beba maji ya kutosha, dawa ya kujipaka ya mbu, kofia kwa ajili ya mikoko ambako kivuli ni haba, na darubini ndogo ikiwa unayo. Chakula kiwe ndani ya mkoba unaofungwa kwa zipu, na kibaki humo humo mpaka utoke nje ya eneo la kima.

Getini

Salimia kwanza, kisha ndipo uulize bei. Viingilio vimewekwa kwa makundi, na mkaazi hulipa tofauti na mgeni, kwa hiyo chukua kitambulisho: cha Mzanzibari mkaazi, cha taifa (NIDA), au pasipoti. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, kiingilio kinajumuisha mikoko ya Pete, na je, mwongozaji yumo ndani ya bei? Kwa kawaida vyote vimo, na sehemu ya mapato hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Chukua risiti, kwani inaweza kutazamwa tena mikokoni.

Utapewa mwongozaji. Hapa ndipo siku yako inapoweza kuharibika au kutengenea, kwa sababu waongozaji wamezoea wageni wenye haraka na watakupeleka kwa mwendo huo usipowaambia. Mwambie kwa adabu, mapema: "Kaka, mimi sina haraka. Nataka nikae na kima, na nataka kufika mikokoni maji yakiwa yametoka." Nimeona sauti ya mwongozaji ikibadilika kwa maneno hayo tu. Wengi wao ni watoto wa vijiji vya hapohapo, wamekua na msitu huu, na wanajua kikundi gani cha kima kililala wapi jana. Wape nafasi waseme. Mwisho wa siku, ukiridhika, mpe bahasha yake mkononi pamoja na asante.

Kwa kima, nenda taratibu

Anza na kima, si na msitu. Asubuhi wanakula, wanatembea na watoto wanacheza. Kuanzia saa tano hivi hujilaza matawini, na wageni wengi huja wakati huohuo. Hurudi kula alasiri. Mahali pa kuwaona kwa urahisi ni upande wa mashambani, ng'ambo ya barabara, ambako wamezoea watu.

Utawatambua mara moja. Kima punju ana mgongo wa rangi nyekundu ya udongo, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, na nywele ndefu nyeupe zilizosimama kuzunguka uso mweusi. Mkia ni mrefu na unaning'inia tu, haushiki tawi. Tazama mkono wake anapokamata kitawi: vidole vinne, dole gumba hamna. Anakishika kwa kukikunjia vidole na kukivuta mdomoni, kisha anachagua. Majani yaliyokomaa huyaacha, machanga ndiyo anayoyataka, na mara nyingi hung'ata kikonyo tu akalitupa jani lililobaki. Kaa chini ya kundi linalokula, usikie vipande vikidondoka.

Usisimame chini kabisa ya tawi wanalokalia, lakini. Wanajisaidia kutoka juu, bila onyo.

Pembeni yao unaweza kuwaona kima wa kawaida, wa kijivu kilichokolea na koo jeupe. Hao ni wepesi, wanashuka chini, wanatafuta matunda na wadudu, na ndio watakaoukwapua mkate wako ukiuonyesha. Aina hizi mbili mara nyingi huwa pamoja bila ugomvi.

Jambo la kulielewa, na litakalokufanya uone zaidi ya wengine, ni tumbo la kima punju. Lina vyumba kadhaa ambamo majani huchachushwa na vijidudu kabla ya kusagwa. Ndiyo sababu hali matunda yaliyoiva: sukari yake huvuruga uchachushaji na anaweza kuugua. Anayemtupia ndizi, hata kwa mapenzi, anamletea ugonjwa. Hana haja na chakula chako.

Na bado kuna majani ambayo yenyewe yana kemikali nzito. Mashambani hapa kima hula sana majani ya mwembe na ya mti wa mkungu, yenye protini nyingi lakini pia yenye sumu hafifu inayozuia mmeng'enyo. Suluhisho lao ni makaa. Huchukua vipande vya mkaa penye matanuri ya kuchomea, penye magogo yaliyoungua, hata majikoni kwa watu, na kuvitafuna. Watafiti walieleza mwaka 1997 kwamba makaa hayo huzikamata kemikali zile tumboni na kuacha protini ipite. Muulize mwongozaji akuonyeshe gogo lililoungua wanalolitembelea. Ukiwa na bahati utamwona mmoja ameketi, kipande cheusi mkononi, midomo imepakaa masizi, na mtoto wake anamtazama mdomoni. Watoto huijua tabia hii kwa kuwatazama mama zao. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha kukishangaa kuliko vyote Jozani, na wageni wengi hupita bila kuambiwa.

Zamani wakulima walimwogopa na kumchukia. Waliamini nyama yake ni sumu, na kwamba mti anaokula hufa. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya minazi, kwa kuwa hula vidaka, yaani nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba minazi iliyoliwa vidaka haikupunguza mavuno. Huenda ulaji huo unapunguza msongamano na nazi zinazobaki zikapata nafasi. Hata hivyo hasara kwenye mazao mengine ipo, na heshima kwa mkulima aliyewavumilia kima shambani mwake ni sehemu ya ziara hii. Usikate njia katikati ya mazao yake.

Kanuni za kukaa nao ni chache, nazo zishikwe. Umbali usipungue mita 3, na mimi nakuomba uziongeze ziwe 5. Wakija wao kwako, rudi nyuma. Usiwaguse, usiwaite kwa kuwapigia mluzi, usipige picha kwa mwanga wa ghafla, wala usinyooshe kijiti cha simu kuelekea usoni mwao. Usiwatazame macho kwa macho kwa muda mrefu, hasa kima dume. Chuchumaa au kaa kimya, mkoba mbele yako. Baada ya dakika 10 za utulivu wanakusahau, na hapo ndipo utakapowaona wakichambuana manyoya, na vijana wakirukiana juu ya kitawi kimoja mpaka kivunjike. Nimeona watu wazima wamekaa kwa kundi moja saa nzima na wakaondoka kwa shingo upande.

Msituni

Njia ya msitu ni fupi, na unaweza kuimaliza kwa dakika 40. Ipite baada ya kima, kabla ya mikoko, au iache mchana maana kuna kivuli kizuri. Msitu huu unaota mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, ndiyo maana kuna miti mikubwa hivi kwenye kisiwa cha mawe. Utaona mitondoo yenye mashina mapana, michikichi, na mizizi iliyotambaa juu ya ardhi kwa sababu chini kumejaa maji.

Paa nunga anaishi humu, lakini ni adimu na mwenye aibu, usije ukaipanga siku yako juu yake. Komba hutoka usiku. Atakayekuridhisha ni chura mdogo kwenye jani, kipepeo, au hondohondo anayepita juu, ukimpa mwongozaji muda wa kutafuta.

Mikoko ya Pete

Mikoko iko kilomita moja hivi kutoka getini, kusini. Unaweza kwenda kwa gari au kwa miguu. Ukienda kwa miguu ukingoni mwa barabara, tembea mmoja nyuma ya mwingine. Mwanzoni unapita chini ya mti mkubwa, kisha njia ya mbao inaanza na kuzunguka ndani ya mikoko juu ya nguzo.

Mbao hizo huliwa na chumvi na unyevu. Kanyaga pale palipopigwa misumari, yaani ambapo ubao umeegemea mhimili, usikanyage katikati ya ubao mrefu. Baada ya mvua huteleza. Watoto washikwe mkono, na simu ifungwe kamba, kwani ikianguka topeni maji yakiwa yametoka hakuna wa kuingia kuitafuta bila kuzama hadi mapajani.

Usipite moja kwa moja. Hatua chache baada ya kuingia, simama. Kwanza pua itakwambia: harufu ya yai viza inatoka topeni, ambako hakuna hewa na bakteria wanaozesha majani kwa njia yao. Si uchafu. Na kwa sababu tope halina hewa, kila mti hapa umelazimika kutafuta namna ya kupumua. Mkoko wenyewe, wenye majani mapana, umejisimamisha juu ya mizizi iliyopinda kutoka shinani hadi topeni, na mizizi hiyo ina vitundu vidogo vya kuvutia hewa maji yakitoka. Mchu umefanya vingine: mizizi yake inatambaa chini na kuchomoza juu vijiti vingi vyembamba, mamia kuzunguka shina moja. Muia una mizizi iliyokunjwa magoti. Mkandaa ni mfupi, huota nyuma kidogo, upande wa nchi kavu. Mwambie mwongozaji akutajie miti kwa majina yake, kisha jaribu kuitambua wewe mwenyewe kwa kutazama mizizi tu, bila kuinua kichwa.

Ukifika penye mchu ulioinamia njia, geuza jani taratibu bila kulichuma. Upande wa chini ni mweupe. Siku kavu utaona chembe ndogo zinazometa. Ziguse kwa kidole na uonje. Ni chumvi. Mti hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mkoko hufanya kinyume, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isiingie kabisa.

Halafu angalia juu, kwenye mkoko, uone miche ya kijani iliyoning'inia, mirefu na iliyochongoka chini. Hizo si mbegu za kawaida. Mbegu imeshaota ikiwa bado juu ya mama yake. Mche ukianguka maji yakiwa yametoka unaweza kujichoma topeni na kuanza maisha papo hapo; ukianguka maji yamejaa, unaelea na kwenda mbali mpaka upate tope. Tazama chini ya mti utaiona ile iliyofanikiwa, ina majani mawili au manne.

Kaa watataka subira yako. Unapokanyaga mbao wote huingia mashimoni, na mtu mwenye haraka huona tope tupu. Simama bila kusogea dakika mbili au tatu. Wataanza kuchomoza mmoja mmoja. Dume ana gando moja kubwa linalokaribia ukubwa wa mwili wake, na hulipunga juu na chini kuwaita majike, kama mtu anayesimamisha daladala. Karibu nao utaona samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaotembea topeni kwa mapezi. Hupumua kwa ngozi yenye unyevu na kwa maji waliyoyahifadhi mashavuni. Konokono wakubwa weusi nao hujikusanya juu ya jani moja lililoanguka na kulila mpaka liishe. Kwa hiyo jani la mkoko halipotei. Linakuwa konokono, linakuwa kaa, linakuwa chakula cha samaki, na samaki wale wanaovuliwa Ghuba ya Chwaka wengi walikulia chini ya mizizi ya namna hii.

Kima nao huja mikokoni. Huko Uzi, kisiwa kidogo kilicho karibu na Unguja Ukuu, kima punju hutumia mikoko kama makimbilio, kwa kuwa misitu ya nchi kavu imekatwa sana. Pete pia, ukisikia matawi yakitikisika bila upepo, inua macho.

Muulize mwongozaji habari za boriti. Dari za nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimebebwa na miti ya mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya nyumba hizo vikawa vyembamba na virefu. Majahazi yalizipeleka boriti hadi Uarabuni kwa karne nyingi. Ukirudi Mjini, ingia nyumba yoyote ya zamani utakayoruhusiwa, utazame juu, na utaijua vizuri zaidi kuliko ulivyoijua asubuhi. Leo kukata ndani ya hifadhi ni marufuku.

Ikiwa ni siku ya bamvua na umeamua kungoja, toka mikokoni saa sita, ukale na upumzike, kisha urudi saa tisa na nusu. Mkubaliane na mwongozaji mapema juu ya kurudi huku, usimshtukize. Maji huingia kimya kupitia vijito, yanafuata mashimo ya kaa kwanza, kisha mizizi ya mchu inazama kijiti kwa kijiti. Simama mahali palepale uliposimama asubuhi. Ndipo utakapopima kwa jicho lako mita za maji zilizoongezeka.

Mchana, na baada yake

Saa za adhuhuri ni za kula na kuswali. Kula nje ya eneo la kima, na mabaki yote uondoke nayo, hata ganda la chungwa. Katika mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani vijijini. Kaa ndani ya gari au ungoje. Siku ya Ijumaa tarajia shughuli kupungua karibu na sala, na daladala kuwa chache kwa muda huo.

Ukiwa hutangoja maji, una nafasi ya kuongeza kituo kimoja. Pete kuna kituo cha vipepeo, karibu tu, na karibu na Kitogani kuna Zala Park yenye nyoka, vinyonga na kobe, ambayo watoto huipenda sana. Chagua kimoja. Nimewaona watu wanaobana Jozani, vipepeo, pomboo wa Kizimkazi na ufukwe katika siku moja, na jioni hawakumbuki walichokiona wapi.

Kwa anayekuja na watoto wadogo, kima asubuhi na mikoko saa nne vinatosha. Wape kazi: huyu ahesabu kaa wenye gando kubwa, yule atafute miche iliyosimama topeni. Kwa mzee mwenye miguu mizito, eneo la kima ni tambarare na linafikika. Mbao za mikoko zinataka mtu wa kumshika mkono.

Kurudi Mjini, simama upande wa pili wa barabara kutoka ulikoshushwa asubuhi, mahali penye nafasi ya gari kuegesha, si kwenye kona. Gari za kutoka Makunduchi na Jambiani mara nyingi hufika zimejaa, kwa hiyo uwe barabarani kabla ya saa kumi na moja. Magharibi ikikaribia hupungua sana. Nauli ishike mkononi, noti ndogo.